Vinukta vyeusi kwenye kidonda cha moto, na kwa nini daktari anataka ngozi ya kichwa

*Swali: Binti yangu wa miaka 4 alimwagikiwa chai ya moto siku 12 zilizopita, begani, mkono wa juu na kifuani. Begani pamefunga lakini ngozi ni nyeupe kama ya pinki, na sasa inatoka vinukta vyeusi. Dada yangu anasema ni fangasi, tusugue kwa ndimu na chumvi. Kifuani kuna sehemu ya ukubwa wa kiganja chake, rangi yake ni nyeupe ya njano, haipungui, na tukiiosha hata halii. Daktari anasema isipofunga wiki ya 3 atapandikiza ngozi, na ngozi yenyewe ataitoa kichwani. Naogopa mtoto atabaki na upara kisha aote nywele kifuani. Kuna mtu ananiuzia krimu ya seli shina za nywele kwa shilingi 180,000, anasema itafunga bila operesheni. Nifanye nini?*

Pole sana mama, na mtoto pole yake. Nianze na lile lisilosubiri: msisugue bega. Vile vinukta si fangasi, ni rangi ya mwanao inarudi. Krimu usinunue. Na kuhusu kichwa, daktari wako hajakosea. Najua inasikika vibaya kumnyoa mtoto mgonjwa na kumtoa ngozi mahali pazima, lakini sababu inayomfanya achague kichwa ndiyo hiyohiyo inayoleta vinukta begani, na ndiyo inayolifanya bega lipone huku kifua kikigoma. Yote uliyouliza yanarudi kwenye kitu kimoja: kinyweleo, yaani kile kishimo kirefu ambamo kila unywele umesimama.

Wengi hudhani kidonda hufunga kutokea pembeni tu, kama dimbwi linavyokauka. Kwa kidonda kilichozama sana ni kweli. Lakini kidonda cha moto kisichozama sana hupona kama shamba lililochomwa: juu panaonekana majivu matupu, kumbe mizizi ya nyasi haijafa, na baada ya siku chache machipukizi yanatokea shamba zima kwa pamoja. Mizizi hiyo kwenye ngozi ni vinyweleo, pamoja na vijia vya tezi za jasho.

Ngozi ya juu kabisa ni nyembamba, na seli zake hazidumu. Zinazaliwa kwenye safu ya chini, zinapanda, zinakufa, zinapukutika kama zile taka unazoziona mtu akijisugua. Safari hiyo huchukua kama mwezi mmoja hivi. Kila kinyweleo ni kama mfuko uliotokana na ngozi hiyo ya juu kuzama chini, hivyo kuta zake zina seli za ukoo uleule. Sasa fikiria unaposhikwa na baridi au hofu, vinyweleo vikakusimama. Kinachovinyanyua ni kimsuli kidogo kilichoshikamana na kila kinyweleo. Pale kinaposhika, chini kidogo ya tezi ya mafuta, ukuta wa kinyweleo una kivimbe, na humo ndimo zinamokaa seli shina: seli zinazogawanyika kwa nadra, zinazojihifadhi, na zinazoweza kuzalisha nyingine kwa miaka mingi. Mwaka 1990 George Cotsarelis na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba makao yake ni kwenye kivimbe hicho. Kabla ya hapo ilidhaniwa ziko chini kabisa, kwenye shina la unywele.

Kazi yake ya kila siku ni nywele. Unywele ukishamaliza muda wake ukadondoka, seli hizi ndizo zinazoanzisha mwingine. Ngozi ya kawaida haizihitaji, ina seli shina zake kwenye safu ya chini. Lakini ngozi ikijeruhiwa, mambo hubadilika. Mwaka 2005 kundi hilohilo la Cotsarelis lilitia alama seli za kivimbe kwenye panya na kuzifuatilia. Panya asiye na jeraha, seli zilibaki kwenye vinyweleo. Panya aliyejeruhiwa, zilitoka, zikapanda juu na kutambaa kuelekea katikati ya kidonda, mpaka zikafikia kama robo ya seli za ngozi mpya. Wiki kadhaa baadaye nyingi hazikuwepo tena. Ni kama majirani kwenye msiba: wanawahi, wanapika, wanabeba maji, lakini hawahamii. Zinazobaki kwa muda mrefu hutoka zaidi kwenye sehemu ya kinyweleo iliyo juu ya kivimbe, karibu na tezi ya mafuta.

Hapa wauza krimu hutia chumvi, kwa hiyo nisahihishe. Si kwamba pasipo nywele hapaponi. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza panya ambao ngozi ya mkia wao haina vinyweleo kabisa: vidonda vyao vilichelewa kuanza kufunga, lakini vilifunga. Kiganja chako na unyayo wako havina kinyweleo hata kimoja na bado vinapona. Kwa binadamu, tezi za jasho nazo zinabeba mzigo mkubwa, kama walivyoonyesha watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2013. Kinyweleo hakifanyi kazi peke yake. Ila kwenye kidonda cha moto, wingi wa mizizi iliyo hai ndio unaoamua mtoto atapona kwa wiki mbili au kwa miezi miwili.

Piga hesabu. Tuseme kidonda kina upana wa sentimita 6 na mizizi yote imekufa. Seli za pembeni zitambae milimita 1 kwa siku, na huo ni ukarimu, zinahitaji siku 30 kukutana katikati, na kwa kawaida huchoka njiani. Kidonda hichohicho kikiwa na vinyweleo hai vilivyoachana kwa milimita chache, kila seli ina safari ya milimita moja au mbili tu. Ndiyo maana bega la mwanao limefunga ndani ya siku 12. Chai haikupenya mpaka kwenye kivimbe.

Kifuani ilipenya. Unayoniandikia, rangi nyeupe ya njano, kutopungua, na zaidi ya yote kutolia ukiosha, ni dalili kwamba moto ulishuka mpaka ukachoma miisho ya mishipa ya fahamu, na mizizi mingi iko kwenye kina hichohicho. Mtoto asipolia tunafurahi, lakini kidonda cha moto kisichouma ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu, hivyo chai ambayo ingekuachia wewe malengelenge inaweza kumuunguza yeye hadi ndani. Daktari ana njia za kupima kina: anabonyeza aone kama damu inarudi, anagusa kwa sindano, anaangalia kama unywele uliobaki unachomoka bila maumivu. Tafadhali usijaribu hayo nyumbani. Kumbuka pia kwamba kina si lazima kiwe kimoja kotekote. Katikati ya kiraka hicho huenda pana visiwa vilivyo hai, na hiyo ndiyo sababu ya kusubiri wiki ya 3 badala ya kukata leo. Visiwa hivyo vikiwepo utaviona: vijidoa vidogo vyenye mng'ao, rangi ya lulu, vinavyojitokeza kwenye wekundu wa kidonda na kupanuka siku hadi siku. Ukiviona, mwonyeshe daktari. Vinaweza kubadilisha uamuzi.

Sasa vinukta vya bega. Kwenye kivimbe kilekile, pamoja na seli zinazojenga ngozi, kuna seli shina nyingine zinazozaa watengenezaji wa rangi. Ngozi mpya ikifunga, huwa haina rangi bado, ndiyo maana inaonekana ya pinki. Kisha watengenezaji rangi hupanda kupitia kinyweleo na kutokeza mdomoni mwake. Kwa hiyo rangi hairudi kama wingu, inarudi kama manyunyu: nukta hapa, nukta pale, kila moja ikizunguka kinyweleo, halafu zinapanuka na kuungana kwa miezi kadhaa. Wenye vitiligo, ugonjwa wa mabaka meupe kwenye ngozi, wanalijua hili. Kiraka cheupe chenye nywele nyeusi kina matumaini ya kurudisha rangi kwa matibabu; chenye nywele nyeupe, au kilicho kwenye ncha za vidole na midomo, ni kigumu sana. Fangasi haina mpangilio huo. Inawasha, inatoa magamba, na hutanuka mpaka nje ya mpaka wa pale palipoungua. Ndimu na chumvi zitakwangua seli changa ambazo hazijashika vizuri, na mnaweza kufungua upya kidonda kilichokwisha pona. Mfunike bega kwa nguo ya pamba anapotoka juani, mpake vaselini, muache rangi ifanye safari yake.

Haya, kichwa. Ngozi ya kupandikiza hukatwa kwa kifaa kinachofanya kazi kama randa ya seremala: kinaondoa utando wa juu tu, mara nyingi unene wa milimita 0.2 hivi, kama karatasi mbili za daftari. Vinyweleo vya kichwani huzama milimita kadhaa, na mashina yake yamekaa kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Randa inapita juu, mizizi inabaki kichwani. Kutokana na hilo unapata majibu yako mawili kwa pamoja. Nywele za kichwani zitaota tena, kwa sababu mashina hayakuguswa. Na kifuani hazitaota, kwa sababu kilichohamishwa hakina mashina.

Faida nyingine ni kasi. Kichwa kina vinyweleo vilivyosongamana, kama 100,000 kwa mtu, kwa hiyo jeraha la kichwani hufunga kwa siku 7 hadi 10, wakati la pajani mara nyingi huchukua siku 10 hadi 14 au zaidi. Paja pia humwachia mtoto kiraka chenye rangi tofauti ambacho atakiona maisha yake yote, na kichwani alama inafichwa na nywele. Kwa mtoto wa kike nadhani hilo lina uzito, lakini wewe ndiye mama yake, na ukipendelea paja una haki ya kusema.

Sitakuficha yanayoweza kwenda vibaya. Kichwa hutoa damu nyingi, ndiyo maana madaktari huingiza chini ya ngozi maji yenye dawa ya kubana mishipa kabla ya kukata. Randa ikizama mno, vinyweleo vinaweza kuumia na kuacha vipara vidogo, au nywele chache zikahamia kifuani. Sehemu iliyokatwa ikipata vijidudu, vinyweleo huvimba na kutoa usaha, na hapo upara mdogo wa kudumu unawezekana. Si mambo ya kawaida mikononi mwa aliyezoea kazi hii. Kwa hiyo muulize daktari bila aibu: umeshatoa ngozi kichwani mara ngapi? Utakata unene gani? Hutavuka mstari wa nywele kwenye paji la uso?

Na kama mkiamua kusubiri bila kupandikiza? Inawezekana, kiraka cha kiganja kimoja kinaweza hatimaye kujifunga. Kiganja cha mtoto pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake, si eneo kubwa. Ila kidonda cha moto kikipita wiki 3 bila kufunga, hatari ya kovu nene, gumu na linalowasha hupanda sana, na kifua na bega ni sehemu zinazojulikana kwa makovu ya kuvimba na keloidi (kovu linaloota kupita mpaka wa kidonda), hasa kwenye ngozi nyeusi. Kama kiraka kinakaribia kwapa, kovu linaweza kuvuta mkono ukashindwa kunyanyuka. Na kuna jambo ambalo mara nyingi halisemwi mapema: kwa binti, kovu gumu kifuani linaweza kubana titi litakapoanza kukua miaka ijayo. Muulize daktari kama kiraka kiko karibu na chuchu, na kama ni hivyo mkubaliane kwamba atafuatiliwa mpaka balehe, kwa sababu kovu la namna hiyo linaweza kulegezwa kwa upasuaji wakati huo. Mimi ningesubiri hadi siku ya 21 kama daktari alivyosema, nikiangalia visiwa. Visipoonekana, nisingevuta mpaka wiki ya 5 au ya 6.

Kuhusu krimu nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu shilingi 180,000 ni nauli za kliniki na mayai ya miezi mingi. Seli shina ni kitu hai. Nje ya mwili zinahitaji joto la nyuzi 37, chakula, na usafi wa maabara. Ukitaka kuzihifadhi unazigandisha kwenye naitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Haziwezi kuishi kwenye kopo juu ya meza ya muuzaji. Nyingi ya krimu hizi, ukisoma kopo, ni majimaji ya seli za mimea kama tufaha, na seli ya tufaha haijui kujenga ngozi ya mtu.

Ngozi ya seli za kweli ipo, na historia yake yaheshimika. Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green walipata njia ya kuotesha seli za ngozi ya binadamu maabara. Mwaka 1983 ndugu wawili watoto walioungua karibu mwili mzima waliokolewa huko Boston kwa shuka za ngozi zilizooteshwa kutoka kwenye vipande vidogo vya ngozi yao wenyewe. Mwaka 2015 nchini Ujerumani mvulana mwenye ugonjwa wa kurithi wa ngozi kubabuka alifunikwa asilimia 80 ya mwili kwa ngozi iliyorekebishwa vinasaba maabara, kazi iliyoongozwa na Michele De Luca wa Italia. Lakini hata shuka hizo huchukua wiki kadhaa kuandaliwa, hupandikizwa na madaktari chumba cha upasuaji, na hazioti vinyweleo wala tezi za jasho. Kama maabara hizo bado haziwezi, kopo haliwezi. Ukiambiwa badala yake kuna sindano ya seli shina kwenye kliniki fulani, kataa vilevile.

Unachoweza kufanya nyumbani kwa siku hizi 9 zilizobaki ni kuzilinda seli zinazotambaa. Zinahitaji unyevu. Mwaka 1962 George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevunyevu huota ngozi mara mbili haraka kuliko kilichoachwa kikauke na kufanya kigaga, maana chini ya kigaga seli hulazimika kuchimba njia. Kwa hiyo msiache kidonda wazi "kipate hewa". Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwenye nusu lita ya maji hayo. Futa taratibu, usisugue. Funika kwa gauzi yenye vaselini, juu yake gauzi kavu, kisha bandeji isiyobana. Badilisha kwa ratiba mliyopewa, mara nyingi kila siku 2 au 3. Kila unapofungua unazisumbua seli hizo. Gauzi ikishika, iloweshe dakika 10 itoke yenyewe, kwa sababu ukiibandua kavu unang'oa visiwa vyote vya wiki nzima. Spiriti, haidrojeni peroksaidi, dawa ya meno, jivu na dawa za unga havina nafasi hapa. Kama mnatumia ile krimu nyeupe ya silva, inasaidia dhidi ya vijidudu lakini inaelekea kuchelewesha ngozi kuota, na inaacha utando unaofanana na usaha. Uliza kama kwa sehemu iliyo safi mnaweza kuhamia gauzi ya vaselini. Usiiache kwa uamuzi wako. Mpe mayai, maharage, dagaa, maziwa, na kadi yake ya chanjo iangaliwe kwa ajili ya pepopunda.

Usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiona homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, wekundu unaotanuka nje ya kidonda, harufu mbaya au rangi ya kijani, sehemu iliyokuwa imefunga inafunguka tena, au mtoto amelegea, anatapika, anaharisha, ametoka vipele mwilini au hakojoi. Mtoto aliyeungua anaweza kuzidiwa haraka hata kama kidonda ni kidogo.

Akipandikizwa, ngozi mpya ya kifuani itakuwa kavu siku zote, kwa kuwa tezi za mafuta zimebaki kichwani pamoja na vinyweleo vyake. Ikishashika vizuri na daktari akiruhusu, ipake vaselini mara 3 kwa siku na kuikanda dakika 5 kila mara, kwa miezi mingi. Kichwani, nywele zinazoota hunasa kwenye gauzi. Usiivute, kata tu kingo zinazoachia, mpaka yote idondoke. Ndani ya wiki chache utaona vishina vifupi. Nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo mtayarishie kofia laini ya pamba, na asisukwe mpaka vigaga vyote viishe na ngozi iache kuuma. Msuko wa kwanza uwe mlegevu, kwa sababu msuko unaovuta huumiza vinyweleo hivyohivyo mlivyovitegemea.